Mahali au Mahari

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Siku nzima hedifoni masikioni. Sauti mia mbili na kumi! Watu wanaiuliza programu ya simu mambo yao, kompyuta inaandika ilichosikia, mimi nasahihisha. Kazi tamu kwangu niliyelelewa Ngara, Tanzania. Kigali nzima inachanganya r na l, na kompyuta nayo imeambukizwa. Leo mtu kaomba dawa ya "kurara". Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Yesu wangu!

Kompyuta iliandika: "Mahali ya mwanamke wa Batsinda iko ngapi?" Mahali ngapi? Nikarudia. Nyuma cherehani inalia. Mwanamume anaendelea, eti namushonera nguo myaka tatu, namuita Mwarimu maana anasahihisha watu, rakini namuogopa.

Sibomana! Fundi wangu wa Kimironko. Si mahali — mahari! Mahari yangu mimi, mkazi wa Batsinda!

Na programu ilimjibu nini, maskini? Ilimtumia ramani ya Batsinda.

Sheria ya ofisi: ukimjua msemaji, acha, toa taarifa. Niliacha, baada ya kusikiliza mara nne. Uongo. Mara sita.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Nimemwambia bosi, Mugenzi, kwamba kuna sauti naijua. Hakuuliza ya nani, akaiondoa. Nikamuuliza kama hawa watu wanajua tunawasikia. Akasema walibonyeza "nakubali". Nani husoma yale maandishi? Hata mimi sijawahi.

Macho hayana pazia. Masikio je? Naona aibu, nimefungua barua isiyo yangu. Halafu barua yenyewe inanihusu! Nimepika isombe, kisamvu cha huku, huku naimba. Nina furaha, niseme nini tena.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Kimironko, kujaribu gauni. Njia nzima nilijizoeza uso wa mtu asiyejua kitu. Sibomana ananipima kiuno, pini mkononi. Ghafla:

"Mwarimu, ile programu ya simu, iko mutu anasikiaka?"

Nilitia sahihi kutunza siri. Lakini nimdanganye mtu usoni? Nikasema wapo watu wanaosikiliza. Sikusema nani.

Pini zote chini. Akauliza watu wa wapi. Nikasema hapa hapa Kigali. Hakuniangalia tena. Gauni limenikaa vizuri ajabu na nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Sasa hatamwambia mtu wala mashine. Nimeyaharibu mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Saa tisa mchana. Hodi — Sibomana! Suti ya kijivu, jasho, simu mkononi na ile ramani bado imefunguka. Anasema kama watu wa Kigali wanasikia, basi bora mimi mwenyewe nisikie kwanza.

"Nimekuja kuuriza mahali yako."

Au alisema mahari? Miezi minane nalipwa kutofautisha herufi hizo, leo masikio yamenisaliti! Nikamwambia akae, naleta chai.

Niko jikoni, naandika juu ya friji. Kama ni mahali, ameshafika. Kama ni mahari, itabidi nishangae, na mimi kuigiza sijui. Au nimwambie kwanza kwamba mtu wa Kigali aliyesikia ni mimi? Atavaa viatu aondoke. Lakini nikikubali bila kumwambia, nitaishi naye nikiwa nimemsikiliza mlangoni. Hapana. Nitamwambia. Chai kwanza.

Anaita kutoka sebuleni:

"Mwarimu! Umesikia?"