Mstari Mmoja Niliouongeza Ijumaa

Jumanne. Mvua imeanza kabla sijafungua mlango wa maktaba, na hata sasa alasiri bado inapiga bati. Niko peke yangu. Sijala. Nimeandika na kufuta mara tatu kwenye blogu yangu hii, maana ninalo jambo moja tu la kusema, nalo sitaki kulisema.

Mama mmoja amekatwa mguu, na mkono wangu umo.

Nilieleze polepole, labda nitajielewa. Kazi yangu katika maktaba hii ya tiba ni kuwatafutia madaktari makala kwenye hazina za mtandaoni. Makala ni mengi kuliko mtu anavyoweza kusoma, kwa hiyo tunatengeneza kichujio: mstari baada ya mstari wa maneno unaoiambia hazina leta haya, yale acha. Mwaka huu Professeur, mkuu wangu, alitaka kichujio cha kuumwa na nyoka. Alikuwa anaandika mwongozo mfupi wa wauguzi wa vituo vya njia ya Ubundu, kule ambako nyoka huuma watu shambani na gari la wagonjwa ni pikipiki ya jirani.

Nilikipenda kile kichujio. Naona haya kusema hivyo leo. Mimi na Professeur tulisoma makala kadhaa ya mfano, moja moja, tukachagua yanayofaa, kisha nikakipima kichujio kwa hayo. Kiliyaleta yote. Siku ile nilirudi nyumbani Kabondo nikiringa kama bibi harusi.

Ijumaa moja, miezi kadhaa sasa imepita, Professeur akaja na orodha ya makala mkononi, kanuna.

"Zaina, hii mapanya ya laboratoire yote ni ya nini? Mie natafuta watu!"

Kweli, majaribio ya sumu kwa panya wa maabara yalikuwa yamejaa humo. Nikaongeza mstari mmoja. Kila makala kwenye hazina yamebandikwa alama za mambo yaliyomo ndani, nami nikaiamuru: chochote chenye alama ya wanyama, tupa. Panya wakatoweka. Orodha ikawa fupi na safi, Professeur akacheka, umeme ukakatika, nikaenda zangu nyumbani.

Sikukipima tena, na mwongozo ukaandikwa kwa orodha ile ile.

Mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba ukigusa mstari mmoja, unapima upya. Mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi hivyo! Nilikuwa nimechoka, nilitaka sifa, na niliogopa mkuu asije akanuna mara ya pili. Haraka haraka, na baraka sikuiona.

Leo asubuhi akaingia Papa Bolamba, amelowa chepechepe. Ni muuguzi wa kituo kimoja cha njia ya Ubundu, kati ya vile vilivyopewa mwongozo wetu kwanza ili kuujaribu. Alikuwa amemleta mjini mama mmoja, mkulima wa mpunga. Nyoka alimuuma karibu na kifundo cha mguu, na wanawe wakamfunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, wakaukaza kwa nguvu zao zote, kama watu wanavyofanya huku tangu zamani. Papa Bolamba akafungua mwongozo aone kama aulegeze. Juu ya kufunga mguu mwongozo ulisema: hakuna utafiti uliopatikana. Basi akauacha mpira ulivyo. Kulipokucha mguu ulikuwa mweusi. Jana wameukata chini ya goti.

Akatoa karatasi ya zamani kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani kwangu.

"Ni mie nilikosea, mama Zaina. Karatasi yenu ilisema hakuna utafiti, alors nikaacha mupira mupaka asubui. Kumbe hii, docteur moja alituachiaka zamani, ilikuwa mu armoire yangu. Nilipashwa kutafuta muzuri."

Yalikuwa makala, yaliyokaa miaka kabatini mwake, juu ya watu waliofungwa namna ile ile, na madhara yaliyowapata. Niliyatafuta kwenye orodha yangu, hayamo. Nikayatafuta kwenye hazina kwa jina lake, yamo, na yamebandikwa alama mbili: watu na wanyama.

Wanyama, kwa sababu nyoka ni mnyama.

Kwa kumtupa panya nilimtupa na mgonjwa. Baadaye nimeufuta mstari ule nikatafuta upya, na makala yakaja ukurasa kwa ukurasa, mengine yakikataza waziwazi kukaza kamba. Nimeyasoma nikilia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini kinachoniuma si hicho peke yake. Kosa langu nililijua Papa Bolamba akiwa bado amesimama mbele yangu. Aliniona nimekazia macho kompyuta, akadhani namlaumu. Akainamisha kichwa, mtu wa umri wa baba yangu, akaniomba pardon. Mimi! Nikamwambia, "Pole, Papa," nikamwacha atoke na dhambi yangu mgongoni.

Professeur nimemwandikia yote. Ameagiza mwongozo urudishwe leo hii kutoka vituo vyote, na mimi nifike ofisini kwake asubuhi. Huenda nitapoteza kazi. Nimejaribu kuliogopa hilo, limekataa kunitisha.

Papa Bolamba amefikia kwa dada yake huko mtaa wa Simi-Simi, na alfajiri anarudi kituoni kwake, ambako kila mtu anajua ni nani aliyeacha ule mpira mguuni. Atazeeka na jambo hilo nisipofungua mdomo. Na simu yake ni ya vitufe, haina intaneti. Haya niliyoandika yatasomwa na watu nisiowajua, baadhi watanipa pole, na yeye hataona hata neno moja.

Basi nimefanya nini hapa saa nzima?

Nimejificha. Nazima kompyuta, naenda Simi-Simi sasa hivi, kabla sijapata sababu ya kungoja kesho.