Hukusinzia, Kaka

Kaka Masanja,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini kukuandikia bila salamu nimeshindwa.

Tumekuzika hapa Bukene, karibu na babu. Mama anakula nikimkaripia. Kanisani siku hizi wanamkwepa, wanamwachia nafasi kubwa kwenye benchi, na nafasi hiyo siipendi. Kampuni yako ndiyo iliyotangulia kusema: ndege ilianguka karibu na uwanja wa Tabora kwa sababu rubani aliuachia mtambo wa kujiongoza, akasinzia. Abiria wamepona. Wewe umekufa, na maiti hajitetei.

Wewe usinzie? Wewe uliyenifundisha baiskeli kwenye barabara ya Lusu, ukinifokea kila nilipotaka kujionyesha: "Hata njia ikinyooka, mkono usiutoe!"

Msibani alikuja bwana mmoja wa kampuni, mpole kupita kiasi. Alileta sukari na maturubai, akabeba hata ndoo za maji. Mtu akiwa mwema hivyo, mimi humtazama mara mbili. Kila akipata upenyo aliuliza, "Marehemu hakuwahi kulalamika kuhusu ndege?" Tulisema hapana, na ni kweli. Sisi hukutuambia kitu, ulijua mama angekufungia ndani.

Lakini mtani wako Mwinyimvua ulimwambia.

Unamjua Mzaramo huyo, hajui kuacha msiba upoe. Alivaa kofia yako ya kazi, akatembea mwendo wako wa kifua mbele, vilio vikageuka vicheko. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kurusha ndege. Ghafla akaushika mchi kwa mikono miwili, akauvuta kifuani mpaka shingo ikamtoka mishipa. "Imeanza tena! Mimi naivuta juu, yenyewe inataka chini! Mafundi nimewaambia, wanasema nzima!"

Nilicheka, kisha nikasogea karibu nisikie vizuri. Mtani wa msiba hazushi. Humtukana marehemu kwa mambo yake mwenyewe. Yule bwana si wa huku, hakujua tunavyozikana. Alidhani ni mchezo wa kuigiza tu, mpaka aliposikia habari ya mafundi. Hakucheka. Nyuma ya jiko nikamsikia akimuuliza Mwinyimvua, "Alikwambia lini?"

Kaka, asiyejua angeuliza "nini". Huyu aliuliza "lini". Kisha akauliza nani mwingine anajua.

Tangu hapo simu zake haziishi. Anamwambia mama apumzike, maneno ya watani yasimsumbue. Baba mdogo naye anasema tumwachie Mungu. Mungu nimemwachia, lakini wachunguzi wa ajali walioko Tabora nao wana masikio. Huenda watasema utani si ushahidi. Huenda yule bwana ameshawafikia kabla yangu, na sukari yake. Naogopa, sikufichi. Ila jana mama aliniuliza, bila kunitazama, "Kwani kweli alilala?" Nikaona nikinyamaza mimi, atakufa na swali hilo.

Kesho napanda treni kwenda kwao Tabora. Mwinyimvua atanipokea stesheni. Nilipompigia hakunitania hata kidogo, akasema tu, "Dada, nitayasema mbele ya yeyote."

Kwaheri, kaka yangu. Umevutana na ndege ile vya kutosha. Sasa ndiyo usinzie, ulale kabisa. Mimi mkono siutoi.

Mdogo wako,
Nyanzala