Mama Amezikimbia Sahani Zangu

Rufisque, Jumapili

Kwa Dada Dibor,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima huko Ziguinchor, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi mzima wa mwili. Wa moyo, usiniulize.

Mama hali tena kwangu. Kabla hujanilaumu, nisikilize. Daktari alisema damu yake imepungua, ale samaki na nyama. Sasa unamjua akikaa kwenye sinia: anamega samaki, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, hata mpita njia aliyeingia kuuliza saa anasukumiwa mnofu. Yeye anabaki na wali mtupu, anadai ameshiba. Huo si ukarimu, dada, ni ulafi wa kutoa! Nimeyaandika haya mara ngapi katika safu yangu ya gazeti kuhusu kiasi?

Basi nikaliondoa sinia. Nikanunua sahani, kila mtu na yake, nikapakua mwenyewe kwa kipimo. Jirani yetu Ngone alipokuja mchana aliitazama sahani yake, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa askari jela, na kama wafungwa wanaruhusiwa kuomba chumvi. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba hiyo ni amri ya daktari, na asiyetaka, mlango uko wazi. Mama alijifunga kitambaa, akamshika Ngone mkono, wakatoka. Hii ni wiki ya tatu anakula kwa Ngone.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anapona! Kule yeye ni mgeni. Ngone anamsukumia minofu, naye hawezi kukataa. Nilimfuata nikamsihi arudi. Akasema nimempakulia kama mpangaji, na kwamba atarudi siku daktari atakapofuta amri yake.

Hapo ndipo nilipokwama. Daktari hakutoa amri yoyote. Sahani hakuzitaja kabisa. Alisema tu ale. Mengine niliyatunga mimi, nisibishiwe. Mimi ninayewafokea watu wazima kuhusu kiasi, sikuwa na kiasi hata kidogo katika kutaka kushinda.

Mama hajui bado. Kesho adhuhuri nitakwenda kwa Ngone, wakiwa wamelizunguka sinia, nimwambie Mama ukweli mbele ya wote. Mtaa mzima utanicheka. Wacheke. Lakini Mama akisema harudi, dada, sina hoja hata moja ya kumjibu.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Ukiomba dua, nitaje.

Ni mimi mdogo wako,
Birane