Kreti za Kuchoma

Jumatatu, 4 Machi 2002
Kompyuta imefika stoo. Wameifunika kitambaa cheupe kama keki ya harusi. Jeremiah, fundi aliyekuja nayo kutoka Nairobi, anasema kila kreti ya plastiki inayorudi kiwandani imevunjika lazima iandikwe humo. Ofisi kuu wataona kila kitu. Mwandishi ni mimi! Mama akisikia huko Katelembo, kanisa zima litajua.

Jumatano, 6 Machi
Maneno ya kuchagua kwenye skrini ni mawili tu: TUMIA TENA, au CHOMA. Za CHOMA zinaenda kwa tanuru la matofali. Rahisi. Mzee Maundu, anayeziba nyufa za kreti kwa chuma cha moto, alikuja kuchungulia. Akauliza kama hicho kitu kinamjua. Tulicheka. Miaka kumi na tisa yuko uani na jiko lake la makaa.

Alhamisi, 14 Machi
Lori limeleta kreti kuukuu. Maundu akachambua, akaniitia dirishani, akiniita msichana kwa Kikamba: "Mwiitu, hizi mia tatu ni za kuchoma." Nikabonyeza CHOMA. Mkono umekuwa mwepesi, hata Jeremiah amenisifu.

Jumatatu, 18 Machi
Sijala. Asubuhi watu wa tanuru walikuja kubeba kreti mia tatu. Maundu akasimama getini, akakataa. Kumbe za kuchoma ni za kuziba! Kumbe nini — nilijua. Kwetu beseni likipasuka linapelekwa kuchomwa, kisha linarudi nyumbani. La mama limechomwa mara tatu. Lakini mbele ya skrini nilisahau Kiswahili cha kwetu, nikashika cha Jeremiah.

Lori limeondoka tupu, litarudi kesho. Ubaya hauishii hapo. Ofisi kuu wameona ripoti: uani hakuna kinachozibwa, ni kuchoma tu. Wanauliza Maundu ni wa kazi gani.

Jumanne, 19 Machi
Meneja, Bi. Emily, alituita. Nani aliamua zichomwe? Nilikuwa nafungua mdomo. Maundu akaniwahi: "Madam, ni mimi nilisema choma. Huyu msichana aliandika tu vile nilimwambia."

Bi. Emily akanigeukia. Ni kweli, Mutheu?

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Nikasema ndiyo, na aibu ikanishika papo hapo.

Anataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya saa nane. Sasa ni saa saba na nusu, karatasi bado tupu. Harufu ya plastiki inaingia dirishani. Maundu hajasubiri karatasi yangu wala lori la tanuru, anaendelea kuchoma.