Mguu wa Mbweha

Mwangi, mjukuu wangu,

Habari za Montana? Hapa Beltsville tu wazima. Mama yako ametoka zamu, amelala.

Umeuliza uanzeje kutega koyoti, hao mbweha wa huko, katika shamba mnamowinda. Kwanza tafuta atakayeukagua mtego kila asubuhi. Baba yangu, mzee wa kanisa, alitega mbweha kisha akaenda mkutano wa injili bila kumwacha mtu wa kuuangalia. Aliporudi alikuta mguu tu. Mbweha alikuwa ameutafuna akajinasua. Baba alivua kofia.

Baadaye mbweha wa miguu mitatu akaja kutuibia kuku. Nikaokota jiwe.

"Mwache ale," baba akasema, macho chini, akaingia ndani.

Jiwe likanitia aibu mkononi.

Guka wako