Boya la Baba

Liverpool, Sydney
4 Julai 2021

Dada Khamisa,

Assalaam alaykum. Hamjambo wote? Kifua cha baba kinaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka kufungiwa ndani kwa ajili ya korona. Kazi ya kusafisha maofisi mjini imesimama, basi kila asubuhi naenda ziwani na ndoano, nasema ni mazoezi, maana kutoka kwa mazoezi ndiko kunakoruhusiwa. Kuna samaki mkali anayekula wenziwe, anakaa katikati, na nikirusha sifiki huko. Baba alikuwa na lile boya lake lenye tanga dogo, upepo unalisukuma mpaka mbali, chambo kinaning'inia chini. Kwenye simu hasikii, kwa hiyo nakuandikia barua pepe, muulize wewe: mshipi alikuwa akiuandaaje? Siku zote husema sina mkono wa uvuvi. Safari hii nataka aone picha, anyamaze.

Nduguyo, Mselem


Pangani
9 Julai 2021

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Huku tunaendelea, alhamdulillahi. Mshipi uloweke usiku kucha ulainike, ndipo ufunge boya. Kula vizuri. Usikae peke yako sana.

Dada yako, Khamisa


Liverpool
2 Agosti 2021

Dada, salaam. Wazima? Nimeloweka mpaka nimechoka. Mshipi unazama, unalivuta boya linalala ubavu, upepo unapita juu yake tu. Muulize tena, na aeleze vizuri!

Mselem


Pangani
11 Agosti 2021

Mselem, salaam nyingi. Labda tanga ni dogo. Weka kubwa zaidi.

Dada yako


Liverpool
6 Septemba 2021

Dada, hujambo. Nimeweka kubwa. Boya limepinduka, mshipi umekatika, kila kitu kimekwenda. Hivi baba ananifanyia makusudi? Mwambie kama amezeeka amesahau, aseme tu. Na kama hataki nijue, abaki na ujuzi wake, sina haja naye. Amekuwa hivyo kwangu tangu utotoni. Msomee kama nilivyoandika, usipunguze neno.

Mselem


Liverpool
17 Oktoba 2021

Dada Khamisa,

Sasa tumeruhusiwa kutembeleana. Jana rafiki yangu Ishaq alikuja kutoka Granville na watu wawili wa msikitini. Hakuna aliyegusa chai. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Anasema ulimpigia tangu mwisho wa Juni, ukamwomba nisiambiwe kwa simu, waje wanikalishe chini wawe nami, na njia zikawa zimefungwa. Najua ndivyo tulivyolelewa. Lakini nimekasirika, dada, nimekasirika sana. Nimemtukana maiti. Niambie jambo moja tu: ni barua yangu ipi baba aliisikia?

Nduguyo, Mselem


Pangani
18 Oktoba 2021

Mdogo wangu mpenzi,

Pole sana. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun.

Hakuisikia hata moja. Tulimzika kabla ya ile ya kwanza kufika. Mimi uvuvi siujui, Mselem, najua kupaa samaki tu. Niliogopa ukikosa jibu utaelewa, nawe huna mtu wa kukushika. Ile ya Septemba niliisoma peke yangu jikoni, nikalia, nikaifuta.

Baba hakutukanwa. Nikasirikie mimi.

Dada yako, Khamisa