Friji Lililoletwa Limelala

Jumanne, 4 Machi

Nimelinunua! Friji la bia ya pipa. Nimelipata kwa yule bwana aliyefunga baa yake nyuma ya soko. Juu lina mnara wa chuma wenye bomba mbili, moja haina mkono. Miguu ina kutu. Mpira wa mlango umelegea kama soksi ya zamani. Na ndani — Mungu wangu! — harufu ya bia iliyochacha ilinipanda mpaka utosini. Muuzaji akasema hiyo ni dalili ya biashara nzuri. Nikamwambia biashara yake basi ilikufa kitambo na hakuna aliyeizika.

Lakini nalitaka. Kila jioni mteja anaingia kwenye kibaa changu hapa chumba cha mbele cha nyumba, anauliza bia ya bomba ipo, namwambia zipo za chupa, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Nimechoka kuangalia migongo ya watu.

Mheshimiwa sikumwuliza. Mheshimiwa ni mume wangu, fundi wa mafriji, mtu anayeitwa mji mzima friji la mtu likikohoa. Ningemwuliza vipi wakati hatusemeshani? Ni tangu ile Jumapili waliyokuja kaka zake. Mmoja akaulizia baa yangu, naye akajibu mbele yao: "Mwacheni. Ile si kazi, anajichangamsha tu." Mdomo wangu nao una breki mbovu. Nikasema angalau bia zangu zinapoa, si kama mafriji anayotengeneza yeye. Shemeji zangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Yeye hakucheka.

Basi tangu siku hiyo kila mmoja anangoja mwenzake ameze maneno yake. Mimi simezi kitu mpaka aseme kwa kinywa chake kwamba ninafanya kazi. Akisema, na langu nalifuta hapohapo, hata mbele ya watu.

Jumatano, 5 Machi

Limefika. Mwenye mkokoteni alisema likisimama litamwangukia, basi akalilaza chali na kulifunga kamba. Nimetembea pembeni yake njia nzima, nimelishika mlango, watu wakinipisha kama ninapeleka mgonjwa hospitali.

Mheshimiwa alikuwa barazani anafungua blenda ya mtu. Aliliona. Akasimama. Akafungua mdomo — akaufunga. Akaingia ndani kwa mama yake.

Nyumbani kwetu tukinuniana, maneno yote hupita kwa mama mkwe. Ndiyo desturi yetu tangu alipohamia hapa. Mama, mwambie mwanao shati lake liko kwenye kamba. Mama, mwambie huyo mama nimeliona. Na hapo tumekaa meza moja, watatu, chai moja!

Nikalisimamisha chumba cha mbele, kwenye kona niliyoifagia tangu asubuhi. Nikalichomeka hapohapo. Likanguruma, likagonga — ko, ko, ko — kisha tk. Kimya. Harufu ya kitu kilichoungua.

Nikalipiga teke. Sasa kidole gumba kimevimba na friji bado limekufa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ndiyo nimejua. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, akasema tu, hata hakuinua macho, kwamba jana mwanawe alimtuma aniambie nisiliwashe. Eti friji likisafirishwa limelala, oili inatoka kwenye mota, kwa hiyo linaachwa lisimame mpaka kesho yake oili irudi.

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Jana nilikuwa nimegoma," akasema.

Kumbe jana asubuhi tulikuwa tumemtuma mno kwa habari ya sukari. Sukari imekwisha, mwambie anunue, mwambie alinunua juzi, mwulize basi nani anaimaliza. Akaona magoti ni yake na ugomvi si wake. Nikamwambia mgomo gani huo usio na tangazo? Akanijibu kwamba angemtuma nani alipeleke, maana mjumbe wa nyumba hii ni yeye mwenyewe.

Nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua.

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe nalijua! Nimemsikia Mheshimiwa akiwaambia wateja wake maneno hayohayo kwenye simu miaka nenda miaka rudi. Mke wa fundi friji, nimeua friji kwa kosa la mtu asiyewahi kuona friji. Furaha ilinipofusha. Na yeye sasa ana la kuwasimulia kaka zake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezunguka kutafuta fundi mwingine. Wa kwanza alifundishwa kazi na Mheshimiwa, akasema hawezi kugusa friji lililo chini ya paa la mwalimu wake. Wa pili ni rafiki yake wa mpira. Wa tatu alikubali vizuri tu, akabeba na mkoba. Tulipofika getini akaona kibao cha Mheshimiwa ukutani, akakumbuka ana msiba.

Nimeshawatangazia wateja kwamba Jumamosi ya wiki ijayo bia ya bomba itatoka. Kwa nini nilisema? Mdomo huu, mdomo huu!

Jumapili, 9 Machi

Nikaona kukaa nikilia hakusaidii. Nimejifunga kitambaa puani, nikashika brashi. Nyuma, zile neli, vibomba vyembamba vya kupozea, zilikuwa zimevaa vumbi zito kama blanketi. Kwenye chumba cha mota wametoka mende, familia nzima, mpaka bibi yao. Mpira wa kupitishia bia niliuvuta kutoka kwenye mnara ukatoka na ute mweusi, nikautupa, nimenunua mpya. Bomba nimezichemsha kwenye sufuria. Mama mkwe alifunua akidhani ni mchuzi, akafunika tena.

Mkono uliokosekana nimeuchonga kwa mpini wa nyundo iliyovunjika, nikaupaka rangi nyekundu. Unapendeza kuliko ule wa kiwandani. Nasema mimi.

Jioni niliporudi jikoni nikakuta mezani kuna kifaa kidogo cheusi, kile cha kuamshia mota. Kipya, bado kiko kwenye nailoni. Mheshimiwa alikuwa anakula, macho kwenye sahani. Akamwambia mama yake amwambie huyo mama kwamba kimezidi kwenye vifaa vyake, kama hakihitajiki kitupwe.

Kimezidi! Risiti ilikuwa bado imo ndani ya nailoni, ya jana. Nilimwongezea mboga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma, na cheko lenyewe nimelificha.

Nimefunga kifaa mwenyewe. Mimi chumba cha mbele, kifudifudi nyuma ya friji, tochi mdomoni. Yeye barazani na blenda yake ileile — blenda gani hiyo isiyokwisha? Katikati yetu korido, na kwenye korido mama mkwe.

Nikasema mama, mwulize mwanao, kinaingia pini ngapi. Akaenda, akarudi. Tatu, na kwanza nichomoe umeme. Nikasema nimeshachomoa. Akaenda, akarudi. Anasema nihakikishe. Nihakikishe! Nikatoka nyuma ya friji, nikaishika plagi, nikamwonyesha mama. Akaenda kutoa ushahidi.

Safari ya nne akachukua kigoda, akakiweka katikati ya korido, akakaa. Kuanzia hapo anageuza shingo tu. Halafu hata kurudia akaacha. Mheshimiwa anasema kutoka barazani, nami nasikia kila neno, mama ananigeukia: umesikia? Nimesikia. Anamgeukia mwanawe: amesikia.

Na ninaapa kile kiti cha Mheshimiwa pale barazani kilikuwa kimesogea. Tulipoanza kilikuwa karibu na ngazi. Tulipomaliza kilikuwa mlangoni kabisa.

Nikalichomeka. Likatetemeka kidogo — likashika. Mngurumo laini, wa chini, bila kugonga. Nilitaka kumkimbilia. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda, nikaikamata mlangoni. Nikamwambia mama amwambie limewaka. Akajibu kwamba bwana ana masikio.

Jumatano, 12 Machi

Linapoa! Glasi ya maji niliyoiweka ndani imetoa jasho. Mpira mpya wa mlango niliouvisha jana unabana mpaka lazima uvute kwa mikono miwili.

Mchana nilikuwa stoo, nikamwona kupitia upenyo. Alidhani hakuna mtu. Aliingia chumba cha mbele, akaweka kiganja ubavuni mwa friji, akakaa hivyo ameinamisha kichwa anasikiliza mota. Akaugusa ule mkono mwekundu, akatabasamu peke yake. Kisha akatoka kwa kunyata.

Nimemkumbuka. Analala upande wa pili wa kitanda kilekile na nimemkumbuka. Lakini neno lile alilisema mbele ya watu. Nikilimeza leo, kesho nitaendaje kuwahudumia wateja nikijua nyumbani naonekana nacheza?

Ijumaa, 14 Machi

Pipa limekuja, na mtungi wake wa gesi ya kusukumia bia. Wameliteremsha kwa kuliviringisha, sikupenda. Kesho. Nimejaribu kulala mchana, wapi! Sitajaribu bomba leo, naogopa nitakachokiona.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka, niko stoo, mlango nimeurudishia.

Watu wamejaa. Hata wale wa kwa jirani wamevuka barabara, safari hii wakija upande wangu. Mama mkwe kavaa gauni lake la kutokea, kakaa mbele kabisa na soda. Nimeshika mkono mwekundu, nimevuta — povu. Glasi nzima povu. Nikamwaga, nikavuta tena. Povu! Ya tatu, ya nne, kaunta nzima nyeupe. Mmoja akauliza nimefungua baa au dobi. Wakacheka. Nikacheka nao. Wawili wa nyuma wakainuka, wakaanza kuangalia ng'ambo.

Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu saa ngapi. Akapita katikati ya watu, na mkoba wake wa vifaa. Hajawahi kuvuka mlango huu wateja wakiwemo.

Kabla hajafika kaunta simu yake ikalia. Yeye simu huweka sauti ya nje siku zote, basi tulisikia wote. Meneja wa hoteli kubwa ya mjini hapa: chumba cha baridi kimezima, nyama yote itaharibika, aje sasa hivi, gari la kumchukua linatoka. Kazi ya hoteli ile ameitafuta mwaka mzima.

"Siwezi kuja saa hizi," akasema. "Niko kazini, kwenye baa ya mke wangu. Nikimaliza hapa nitakuja."

Meneja akaanza tena, naye akakata. Akaweka simu mfukoni.

Alisema mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshika glasi ya povu na siioni vizuri, machozi yananisumbua. Wale wawili wa nyuma wakakaa.

Akagusa mnara, akagusa pipa, akainamia saa ya kupimia gesi na kuguna. Akavuta kreti tupu, akalikalia nyuma ya friji, spana mkononi. Akainua uso.

"Gesi umefunga?"

Ananiuliza mimi. Nikamtazama mama mkwe — mazoea! Yeye anakunywa soda, macho yako darini kabisa, kama mtu asiyetujua.

Gesi sijafunga. Na jibu si hilo tu, najua. Sasa ni zamu yangu, na lile langu la mafriji yake yasiyopoa nalo nililisema mbele ya watu. Watu ndio hawa. Yeye hatafungua nati mpaka nijibu. Amekaa tu pale anangoja, hana haraka, hoteli nzima inaoza.

Nimewaambia naingia stoo mara moja kutafuta tambara. Tambara ninalo begani.